Mahali Pamoja, Mwenyewe Mmoja, Ombi Moja: Mwongozo wa Barabara Salama kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

Tangu Rais Mwai Kibaki alipozindua Barabara Kuu ya Thika mnamo Novemba 2012, kilomita hamsini hivi za kutoka Nairobi hadi Thika zimekuwa fupi kwa mwenye gari. Mashamba ya kahawa yamegeuka nyumba za kupangisha, na Ruiru imejaa watu wanaolala huku na kufanya kazi Nairobi. Lakini wengi wetu hatuishi juu ya barabara kuu. Tunaishi Kihunguro, Kimbo, Gitothua, Makongeni, Kiganjo, Kiandutu na Landless. Safari yetu yenye hatari kubwa ni ile fupi: kutoka langoni hadi steji, na kutoka steji hadi ng'ambo ya pili.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa kawaida: mzazi, mwenye duka, mpangaji, mwanachama wa kamati ya mtaa. Huhitaji kuwa mhandisi wala mwanasiasa. Unahitaji kalamu, simu, jirani wawili watatu na subira ya miezi kadhaa.

Msingi wake ni huu. Kilio cha "serikali itutengenezee barabara" hakina ofisa anayeweza kukijibu, kwa sababu hakisemi barabara gani, sehemu gani, wala itengenezwe vipi. Kinachojibiwa ni ombi la kitu kimoja, mahali pamoja, kwa ofisi inayopamiliki mahali hapo, kabla bajeti haijafungwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka huko.

KWANZA: KWA NINI WATU WANAUMIA

Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya usalama barabarani, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Hawafi kwa bahati mbaya tu. Mitaani kwetu sababu huwa ni nne, na mara nyingi hukutana mahali pamoja.

Kasi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 80, hula mita 22. Sekunde moja ndiyo muda ambao dereva huchukua kumwona mtoto na kuanza kukanyaga breki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akigongwa na gari lililo kwenye kasi ya 65 badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana tuta moja lililowekwa vizuri lina faida kuliko mabango kumi ya "Endesha Pole Pole".

Pa kuvukia palipo mbali. Barabara Kuu ya Thika ilifunguliwa ikiwa na madaraja machache ya waendao kwa miguu, na mengine yalijengwa baadaye. Mahali ambapo daraja liko mbali na steji, watu hukata uzio na kukimbia katikati ya magari. Kabla hujawalaumu, pima umbali: mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa viazi hatazunguka nusu kilomita.

Njia ya miguu iliyozibwa. Mtaro usio na kifuniko, kibanda, rundo la mchanga wa mjenzi, bodaboda zilizopangwa, gari lililoegeshwa. Kila kimoja humsukuma mtu aingie barabarani.

Giza. Mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani, ikizimika, mtaa hupoteza mambo mawili kwa pamoja: dereva hamwoni anayetembea, na anayetembea hamwoni anayemfuata.

SANDUKU LA 1: TATIZO NA OMBI LAKE

- Magari yanapita kasi mtaani → matuta, au kivuko cha milia kilichoinuliwa
- Watu wanavuka barabara kuu chini → daraja karibu na steji, au steji isogezwe lilipo daraja
- Watoto wanatoka shuleni moja kwa moja barabarani → alama za shule, tuta, au lango lihamishiwe upande wa ndani
- Mtaro uko wazi → kifuniko cha zege (cha chuma huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu)
- Giza → taa ya barabarani, au kukarabatiwa kwa iliyokufa
- Matatu zinashusha katikati ya njia → egesho la steji, na maafikiano na sacco

PILI: JUA MWENYE BARABARA

Hapa ndipo barua nyingi hupotea. Mkazi anamwandikia MCA, mwakilishi wa wadi, kuhusu barabara isiyo ya kaunti, MCA anaahidi, miaka mitano inapita. Sheria ya Barabara ya 2007 iligawa kazi hiyo, na Katiba ya 2010 ikazipa kaunti sehemu yake.

SANDUKU LA 2: NANI ANAMILIKI NINI

- KeNHA, Mamlaka ya Barabara Kuu: Barabara Kuu ya Thika pamoja na barabara za pembeni zinazoambatana nayo, zile tunazoziita sevisi leni, na barabara ya Thika kwenda Garissa.
- KURA, Mamlaka ya Barabara za Mijini: barabara za mijini zilizo chini ya serikali ya kitaifa.
- KeRRA, Mamlaka ya Barabara za Vijijini: barabara za kitaifa nje ya miji.
- Serikali ya Kaunti ya Kiambu: barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma ndani ya kaunti. Thika na Ruiru zina bodi zao za manispaa.
- Shirika la Reli: njia ya reli na vivuko vyake. Reli ya kwenda Nanyuki inapita Ruiru na Thika.
- NTSA: leseni za matatu na madereva, wala si ujenzi wa barabara.
- Polisi wa trafiki: kukamata wanaovunja sheria, wala si kuweka matuta.

Huna hakika barabara yako ni ya nani? Usikisie. Nenda ofisi ya kaunti ndogo, umwone mhandisi wa barabara, utaje jina la barabara na alama mbili: inapoanza na inapoishia. Akikuzungusha, andika ombi la habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

TATU: KAGUA MAHALI PAMOJA

Usikague mtaa mzima. Chagua pale ambapo watu wamewahi kugongwa au kuporwa, au pale ambapo watoto wengi huvuka. Ushahidi mzito wa mahali pamoja unashinda malalamiko mepesi ya mahali ishirini.

1. Nendeni watu watatu. Mmoja ahesabu, mmoja apige picha, mmoja awe macho kwa usalama wenu. Mkiweza, mmoja awe mtu anayetumia kiti cha magurudumu au mzee mwenye mkongojo. Ataona mambo ambayo macho yenu yamezoea kuyaruka.
2. Mwarifuni mwenyekiti wa steji na mzee wa Nyumba Kumi. Watu wakipiga picha na kuandika bila taarifa, wachuuzi hudhani wanakuja kubomolewa. Elezeni mapema.
3. Chagueni nyakati tatu: asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mchana wanafunzi wanapotoka, na jioni baada ya giza kuingia. Hesabuni kwa dakika 15 kila mara: waliovuka, watoto wangapi, wangapi walikimbia.
4. Pimeni kasi. Pimeni mita 50 kando ya barabara kwa kamba au utepe wa fundi, mweke alama mwanzo na mwisho. Kwa saa ya simu, pimeni sekunde ambazo gari lisilo na lingine mbele yake linachukua kuzimaliza. Pimeni magari 30 kisha mlinganishe na Sanduku la 3.
5. Pigeni picha zinazoongea. Mtoto akiruka mtaro, mama akitembea ndani ya barabara kwa sababu njia imezibwa. Epukeni nyuso za watoto. Kila picha iandikwe tarehe, saa na mahali.
6. Choreni ramani ya mkono. Steji, lango la shule, duka, mtaro, taa zinazowaka na zilizokufa. Nguzo ikiwa na nambari, iandikeni.
7. Kusanyeni historia. Waulizeni wenye maduka na wanabodaboda ajali za mwaka uliopita. Andikeni mwezi na jinsi ilivyotokea. Majina ya waliofariki yabaki nje mpaka familia iridhie.

SANDUKU LA 3: SEKUNDE ZA KUPITA MITA 50

- Sekunde 6 = kilomita 30 kwa saa (kasi ifaayo mbele ya shule)
- Sekunde 4.5 = 40
- Sekunde 3.6 = 50 (kikomo cha kisheria mjini)
- Sekunde 3 = 60
- Sekunde 2.25 = 80 (kikomo cha matatu hata kwenye barabara kuu)

*Onyo: simameni nje ya barabara, vaeni reflekta, na msimsimamishe dereva yeyote. Nyinyi mnapima, kukamata ni kazi ya askari.*

Njia hii imejaribiwa jirani. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend liliingia katika shule za msingi zilizo hatarini, likakagua njia ambazo watoto hupitia, kisha likaweka matuta, njia za miguu, alama na vizuizi vya magari. Mahali pengine lango la shule lilihamishwa tu. Hayakuwa mambo ya fedha nyingi, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Nairobi nayo iliigeuza Luthuli Avenue mwaka huohuo: magari yakapewa upande mmoja, watembeao wakapata njia pana.

NNE: ANDIKA OMBI MOJA

Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba, kwa hivyo usione haya kuandika kwa Kiswahili. Ibara ya 37 inakupa haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka yoyote ya umma. Barua isizidi ukurasa mmoja, viambatisho vikae nyuma. Mfano huu ni wa barabara ya kaunti:

> Wakazi wa (mtaa), Wadi ya (jina)
> Tarehe
>
> Kwa Mhandisi wa Barabara,
> Serikali ya Kaunti ya Kiambu, Kaunti Ndogo ya Ruiru
>
> Kwa Bw./Bi.,
>
> MINT: OMBI LA MATUTA MAWILI NA KIVUKO MBELE YA SHULE YA MSINGI YA (JINA)
>
> Sisi wakazi 84 tuliotia sahihi tunaomba matuta mawili na kivuko cha milia kati ya (alama A) na (alama B).
>
> Tarehe (—) tulihesabu watoto (—) wakivuka hapa kwa dakika 15. Kati ya magari 30 tuliyopima, (—) yalizidi kilomita 50 kwa saa. Katika miezi 12 iliyopita watu (—) wamegongwa.
>
> Tunaomba (1) mkaguzi afike mahali hapa pamoja nasi, (2) tujulishwe kwa maandishi kama kazi hii itaingia katika bajeti ijayo, na (3) wakati tukisubiri, alama za muda ziwekwe.
>
> Wako mwaminifu,
> (jina, cheo katika kamati, simu)
>
> Nakala: MCA wa wadi, bodi ya manispaa, mwalimu mkuu

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili mgongewe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Pasipo muhuri, kesho hamtaweza kuthibitisha kwamba mliandika. Fungueni faili moja, mweke kila kitu humo.

Nani atie sahihi? Wapangaji na wenye nyumba, wote. Mwenye duka ambaye kibanda chake kiko kwenye njia ya miguu aitwe mezani kabla, asisubiri kuona jina lake kwenye malalamiko. Mkikubaliana asogee hatua mbili na abaki na wateja wake, mmepata mshirika. Mkimwitia askari wa kanjo, mmepata adui anayekaa pale muda mrefu kuliko nyinyi.

TANO: FIKA KABLA BAJETI HAIJAFUNGWA

Ombi zuri linaloletwa mwezi mbaya hungoja mwaka mzima. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa mapema zaidi.

SANDUKU LA 4: KALENDA YA MKAZI

- Juni hadi Agosti: peleka ombi. Kaunti inaandaa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Tuta lisiloingia hapa ni vigumu kuingia baadaye.
- Januari na Februari: hudhuria vikao vya maoni kuhusu Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaowasilishwa kufikia Februari 28.
- Mei: makadirio ya bajeti yamefika bungeni kufikia Aprili 30. Kamati huwasikiliza wananchi. Nenda na faili, uzungumze dakika mbili, uache nakala.
- Juni: thibitisha kama jina la barabara yenu limo kwenye bajeti iliyopitishwa.
- Kuanzia Julai: fuatilia zabuni na mkandarasi. Ulizia kazi itaanza lini na nani anaisimamia.

Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, kwa hivyo si hisani mnayoombwa mshukuru. Uliza pia kama mtaa wako umetajwa katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023 hadi 2027. Ukitajwa, nukuu ukurasa huo kwenye barua. Ofisa hupata shida kukataa jambo ambalo ofisi yake iliandika yenyewe.

Kuna ombi moja kubwa linalofaa kuungwa mkono na mitaa mingi kwa pamoja. Sera ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri wa miguu na baiskeli iliweka lengo la kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya njia hizo. Kamati za Thika na Ruiru zina haki ya kuiuliza Kiambu: sisi tumetengewa ngapi?

Kwa mambo ya KeNHA, kalenda ya kaunti haihusiki. Iandikieni mamlaka moja kwa moja, mpeleke nakala kwa mbunge wenu.

SITA: MATATU NA BODABODA

Hakuna ujenzi utakaosaidia ikiwa matatu inashusha abiria katikati ya njia. Lakini kupiga kelele dirishani hakujabadilisha sacco yoyote. Nguvu yako iko kwenye leseni. Tangu kanuni za 2014, matatu haifanyi kazi peke yake: lazima iwe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kosa la dereva mmoja ni doa kwenye leseni ya wote, na viongozi wa sacco wanalijua hilo vizuri.

1. Andika mambo matano: nambari ya usajili, jina la sacco lililoandikwa ubavuni, tarehe, saa na mahali. Nambari ya njia, kama 237 ya Thika au 145 ya Ruiru, haitoshi, maana sacco nyingi zinatumia njia moja.
2. Anza na steji. Mwone mwenyekiti wa steji kwa heshima na utulivu, wakati ambao si wa msongamano. Mara nyingi mambo huishia hapo.
3. Andikia sacco, ukiambatisha visa vitano au zaidi vya mwezi mmoja. Kisa kimoja ni ugomvi; vitano ni tabia.
4. Peleka nakala NTSA iwapo sacco haijajibu kwa wiki mbili.
5. Pendekeza suluhisho. Kwa mfano: kushusha ndani ya egesho tu, asiwepo wa kuning'inia mlangoni, na bango la nauli ya kawaida na ya mvua. Serikali haipangi nauli, lakini sacco inaweza kukubali kuitangaza kabla abiria hajapanda.

Ndani ya gari, sema mapema na kwa upole. Makanga akisema, "Mama, shukia hapa hapa tu," jibu: "Hapana kijana wangu, nishukishie steji." Dereva akikimbiza gari: "Dere, punguza kidogo, tuna watoto humu." Abiria mmoja akianza, wengine humuunga mkono. Usipande gari lililokwisha kujaa, na funga mkanda. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ndizo zilizotuletea mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano. Zilifanya kazi kwa sababu abiria nao walikataa kusimama.

Kwa bodaboda: sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na reflekta, na abiria awe mmoja tu. Keti na chama chao mkubaliane mambo matatu: kibanda kisikae kwenye kivuko wala mdomo wa daraja, kila pikipiki iwe na helmeti ya abiria, na wasibebe watoto watatu wa shule kwa mpigo. Jambo la tatu liko mikononi mwa wazazi. Mwendeshaji hubeba watoto watatu kwa sababu wazazi watatu wamekubaliana kugawana nauli.

Treni: ukiishi karibu na stesheni ya Ruiru, ulizia ratiba ya treni ya abiria ya kwenda Nairobi. Usitembee juu ya reli kufika stesheni. Kamati inayotaka njia salama ya kwenda stesheni imwandikie mwenye reli na mwenye barabara kwa pamoja.

SABA: USIKU, NA HESHIMA YA WANAWAKE

Kuna hatari isiyopimwa kwa sekunde. Mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kushambuliwa ndani ya basi huko Githurai. Mwaka huohuo maandamano yalijaa Nairobi, sheria ikarekebishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu sasa ni kosa la kifungo kisichopungua miaka kumi. Mwaka 2017 mahakama iliwatia hatiani wanaume watatu wa kisa cha basi lile.

- Mkaguzi mmoja wa jioni awe mwanamke, na orodha ya taa zilizokufa iandikwe kwa kumfuata yeye anakopita.
- Ombeni taa kwanza katika njia ya steji hadi nyumbani, kisha sokoni.
- Ukipanda gari usiku, mtumie mtu wa nyumbani nambari ya usajili.
- Ukidhulumiwa: nenda hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Thika kuna hospitali ya Level 5. Usioge kwanza, na nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Kituoni, ulizia dawati la jinsia.

NANE: WAKATI TUNANGOJA

Kuvuka kwa usalama leo hakumwondolei mwenye barabara wajibu wake kesho. Mambo haya yanafaa hata kabla tuta halijaja:

1. Mfundishe mtoto avuke mahali pamoja kila siku, na umpitishe hapo mara kadhaa mkiwa pamoja.
2. Usivuke mbele ya matatu iliyosimama. Dereva wa gari linaloipita hakuoni. Subiri iondoke.
3. Usiku vaa kitu cheupe au chenye reflekta, hata utepe kwenye mkoba wa shule.
4. Shuleni, walimu na wazazi wapangane zamu ya kuvusha watoto asubuhi na jioni. Mwombeni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, awape mafunzo mafupi na bendera.
5. Zibueni mtaro, fyekeni nyasi zinazoziba alama. Kwa kazi hizi hamhitaji mkandarasi.

SANDUKU LA 5: AJALI IKITOKEA

1. Zuia magari kwanza: weka mtu mbele na nyuma, washa taa za simu.
2. Piga 999 au 112. Taja barabara, upande (wa kwenda Nairobi au Thika) na alama ya karibu.
3. Usimwinue majeruhi isipokuwa kuna moto au gari linaweza kumkanyaga.
4. Bana jeraha linalovuja kwa kitambaa safi. Usimpe maji wala soda.
5. Piga picha ya nambari za magari kabla hayajasogezwa.
6. Ripoti kituo cha polisi, upate nambari ya OB (kitabu cha matukio). Bila hiyo hakuna fidia ya bima.

MAKOSA YANAYORUDISHA MTAA NYUMA

- Kujijengea tuta usiku. Tuta la udongo au zege lisilo na alama huangusha pikipiki. Mtu akifa hapo, wajibu ni wako.
- Kuomba matuta kila hatua kumi. Ambulansi na matatu huteseka, na madereva huhamia kichochoro cha jirani.
- Kufunga barabara na kuchoma magurudumu. Kamera huja siku moja, faili haifunguliwi. Maandamano ya amani ni haki, lakini yaende na barua mkononi.
- Kumkabidhi mwanasiasa mmoja suala zima. Akishindwa uchaguzi, mnaanza upya. Faili iwe ya mtaa.
- Kufurahia uzinduzi na kusahau ukaguzi. Rangi ya kivuko hufifia, taa hufa. Rudini kupima baada ya miezi sita kwa kamba ile ile.

ORODHA YA MWISHO: TIA ALAMA UKIMALIZA

☐ Tumechagua mahali pamoja
☐ Tunamjua mwenye barabara, kwa maandishi
☐ Tumehesabu nyakati tatu na kupima magari 30
☐ Picha na ramani ziko kwenye faili
☐ Barua ina ombi moja na muhuri wa kupokelewa
☐ Tunajua tarehe inayofuata kwenye kalenda ya bajeti
☐ Tumezungumza na steji, wanabodaboda na wachuuzi
☐ Kuna mtu mwenye jina anayefuatilia kila wiki mbili

Ukiwa na alama nane, chukua nakala ya faili uipelekee mtaa wa pili. Ofisa anayepokea maombi yanayofanana kutoka Kihunguro, Makongeni na Kiganjo hawezi tena kuliita jambo hilo lalamiko la mtu mmoja.